Geji ya temperecha inadanganya? Ipime kabla hujanunua sensa

Mshale ukilala kwenye C (baridi) ilhali injini ni moto, usiseme geji imekufa mpaka utazame maji. Sensa, kifaa kidogo kinachoipa geji habari, hupima joto la maji yanayoizunguka. Maji yakivuja ikabaki imening'inia kwenye hewa, mshale huweza kushuka ghafla huku hedi (kichwa cha injini) ikiungua. Kwa hiyo gari lililokuwa likipanda kuelekea H (moto), mara mshale ukaporomoka wenyewe, halijapoa hata kidogo. Egesha, zima, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kukuchoma. Ukifungua, maji yawe yamefika shingoni. Usitosheke na chupa ya akiba, kwani huweza kujaa na rejeta iko tupu.

Maji yakiwa sawa, tafuta shahidi wa pili. Skana ndogo ya bluetooth, inayochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, inatosha. Ichomeke asubuhi kabla hujawasha. Injini iliyolala usiku kucha inatakiwa isome karibu sawa na hewa ya nje, yaani kati ya digrii 25 na 32 kwa Mombasa. Ikisoma -40, waya umekatika au plagi imechomoka. Kodi yake, yaani namba ya hitilafu kwenye skana, huwa P0118. Ikisoma zaidi ya 120 na injini ni baridi, waya zimegusana mahali, na kodi ni P0117. Sasa washa uangalie namba zikipanda. Kwenye magari mengi themostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) hufunguka ikikaribia 82, na feni huingia kati ya 93 na 100. Skana ikisema 88 na mshale haujanyanyuka, basi injini haina neno. Kasoro iko kwenye dashibodi na waya zake, au kwenye sensa ya pili ya geji, kwa gari lenye sensa mbili.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Magari mengi ya zamani yana sensa mbili: ya waya mbili inayolisha kompyuta ya injini, na ya waya mmoja inayolisha geji. Mtu hubadilisha ya kompyuta, mshale ukabaki palepale. Fuata waya kwanza ujue unashika ipi.

Ya waya mmoja hupimwa hivi. Swichi iwe ON, injini imezimwa. Chomoa waya: mshale ubaki C. Gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde mbili tatu: mshale uanze kupanda. Ukifika nusu, toa, usiuache ugonge mwisho. Ukipanda, geji na waya ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Usipopanda, kagua fyuzi, waya, kisha geji yenyewe. Jaribio hili usilifanye kwenye sensa ya waya mbili. Hiyo, chomoa plagi upime kwa mita ya umeme kati ya pini zake mbili upande wa waya: karibu volti 5. Ukikosa volti 5, kubadilisha sensa hakutasaidia.

Kabla ya kununua chochote, ifungue plagi uitazame mwangani. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na shaba: utaona unga wa kijani umeshika pini, na wakati mwingine waya umeoza ndani ya ganda lake na kwa nje unang'aa. Vuta kila waya taratibu. Ukinyooka kama mpira, ndani umekatika. Safisha kwa spirei ya plagi na msasa laini, kaza pini zilizolegea, kisha pima tena. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Ukiishuku sensa ya waya mbili, itoe injini ikiwa baridi uipime omu (ukinzani wa umeme). Kadiri joto linavyopanda, omu hushuka. Aina inayotumika kwenye magari mengi ya Japani husoma kati ya 1,500 na 2,000 kwenye joto la hapa, na karibu 300 ikifika digrii 80. Itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ukiikinga plagi isilowe: iwe karibu 200. Sisi tuko usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 100 kamili. Nairobi huchemka kabla ya kufika 95. Omu zikirukaruka badala ya kushuka taratibu, tupa.

Geji ya mafuta nayo ikienda mrama wakati huohuo, au mshale ukiruka unapowasha taa, achana na sensa. Waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) wa dashibodi umelegea au umeshika kutu.

Halafu kuna geji inayosema kweli ikasingiziwa. Mshale ukishuka ukishika kasi kwenda Mtwapa na kurudi kawaida kwenye foleni ya Likoni, themostati imebaki wazi. Ukipanda foleni na kushuka barabarani, angalia feni. Na kwa kuwa mishale mingi ya kisasa imetengenezwa ikae katikati hata joto likicheza kati ya 80 na 100, ikishapita katikati iamini.

Ukifunga sensa mpya, weka washa (pete ya kuzibia) mpya, na ile ya waya mmoja usiizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, kwa sababu hupata athi kupitia nyuzi zake. Ikaze kiasi, shaba hukatika upesi. Jaza kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima hula rejeta. Acha mfuniko wazi, hita iwe kwenye moto, injini iungurume mpaka mapovu yaishe, ukiongeza maji yanaposhuka. Funga, kisha subiri feni iingie na kuzima mara mbili huku mshale umetulia.