Mboji ya nyumbani huanza na gunia la majani makavu

Kila asubuhi ua unafagiliwa, majani ya mwembe yanarundikwa pembeni na kutiwa kiberiti. Mboji ya nyumba nyingi hupotelea hapo. Maganda ya jikoni hayakosekani siku yoyote. Kinachokosekana ni kikavu cha kuchanganya nayo, na bila hicho lundo huvunda ndani ya wiki. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mbao na misumari, jaza magunia matatu ya majani makavu uyaweke pasiponyesha. Majani ya mwembe ni magumu na hulaliana kama karatasi, hivyo yakanyage ndani ya gunia mpaka yavunjikevunjike. Maranda ya seremala yanafaa pia, isipokuwa ya mbao zilizotiwa dawa.

Tengeneza vizimba viwili vinavyopakana, kila kimoja mita 1 kwa mita 1 na kimo cha mita 1, mbao zikiachiana nafasi ya vidole viwili. Lundo dogo kuliko hapo huoza, lakini halishiki joto. Chini pawe udongo mtupu, si saruji. Tandika makumbi ya nazi au vijiti, kimo cha sentimita 15, hewa ipate njia. Makumbi hayaozi upesi, na hiyo ndiyo faida yake hapo.

Ndoo ya jikoni isikae zaidi ya siku mbili. Fukua shimo katikati ya lundo, mimina, kisha funika: ndoo moja ya mbichi kwa ndoo mbili hadi tatu za makavu. Maganda ya ndizi, viazi na mayai, mashina ya mchicha, majani ya chai, vyote vinakwenda. Chicha ya nazi huchacha na kuita panya. Ivuruge na majani, isibaki bonge. Wali na ugali wape kuku. Nyama, vichwa vya samaki, mafuta ya kukaangia na kinyesi cha mbwa au paka visiingie kabisa. Wala ndago: vile vitunguu vyake vikisalia pembeni ya lundo pasipo na joto, utaipanda mwenyewe bustanini.

Kizimba cha kwanza kikijaa, hamishia vyote cha pili kwa koleo, vya pembeni viende katikati. Kila kimo cha sentimita 20 nyunyiza maji na utawanye samadi ya kuku au ng'ombe. Samadi ndoo mbili za lita 20 zinatosha lundo zima. Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Chota konzi moja kutoka ndani, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole na bonge likabaki limeshikana, acha hivyo. Yakichuruzika, ongeza makavu. Ukifungua kiganja likamwagika kama pumba, ongeza maji.

Chomeka kipande cha nondo mpaka katikati. Siku ya tatu au ya nne kichomoe ukishike: kama huwezi kukivumilia kiganjani, ndani ni nyuzi 55 au zaidi, na mbegu nyingi za magugu zinakufa humo. Nondo ikitoka baridi, ama lundo ni kavu, ama mbichi ni chache. Pindua baada ya wiki moja, tena wiki ya pili, kisha wiki ya nne, ukipima maji kila mara. Kiangazi funika kwa majani ya mgomba. Masika funika kwa turubai lililoinuliwa kidogo, kwani likigandamana na lundo linaziba hewa.

Pua itakwambia mengi. Harufu ya yai viza ni maji mengi na hewa kidogo: pindua na uchanganye makavu. Harufu kali inayochoma kama mkojo wa zizini ni mbichi kupita kiasi, au umemwaga majivu mengi ya mkaa. Majivu yasizidi konzi moja kwa tabaka. Sisimizi wakihamia, lundo limekauka. Funza wakubwa weupe waliojikunja, wanene kama kidole, wanaweza kuwa watoto wa chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Kama una minazi karibu, wachambue uwape kuku.

Baada ya kupindua mara ya mwisho, liache miezi miwili. Litakuwa limenywea nusu au zaidi, jeusi, baridi, lenye harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Kama una shaka, tia konzi mbili zenye unyevu katika mfuko wa plastiki, ufunge, ufungue siku ya tatu. Ukisikia uvundo, subiri bado. Mboji changa ina kasoro yake: vijidudu vinavyoendelea kuozesha hunyang'anya mimea naitrojeni, na mchicha unakuwa wa manjano ilhali umeuwekea mbolea.

Chekecha kwa wavu wenye matundu ya sentimita 1; vigumu vilivyobaki virudishe kwenye lundo jipya, vitaliwahisha. Kwenye tuta, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, uichanganye na udongo wa juu kwa jembe. Kwa viriba vya miche, sehemu moja ya mboji kwa mbili za udongo. Miche ya nyanya ikijiotea yenyewe humo, ujue mbegu hizo hazikupita katikati ya joto. Safari ijayo pindua vizuri zaidi vya pembeni.