Margherita na Alexandra kwa Siku Moja: Jinsi ya Kuunganisha Vilele Viwili vya Rwenzori

Tarehe 18 Juni 1906, Luigi Amedeo, Duku wa Abruzzi, alipanda Alexandra na Margherita siku hiyohiyo pamoja na waongozaji wake wa milimani. Kwa hiyo jambo hili si geni. Vilele hivi ni majirani juu ya Mlima Stanley, katika safu ya Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo: Margherita mita 5,109, Alexandra mita 5,091. Kilichobadilika ni mlima wenyewe. Wakati ule milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Leo iliyobaki ya maana iko Stanley, na pengi palipofunikwa zamani sasa unashika mwamba mtupu wenye maji.

Ninaongoza wageni kutoka upande wa Kasese, na wengi huniambia wanafanya mazoezi ya pumzi kwa ajili ya kilele cha pili. Ni vizuri. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba muda hauishii kwenye kupanda. Unaishia pale mnapotoka kwenye barafu kuingia kwenye mwamba, na tena kutoka kwenye mwamba kurudi kwenye barafu: watu wamesimama, mmoja anahangaika na kamba za viatu, wengine wanatetemeka. Mabadiliko hayo yakipangwa vizuri, saa ya Alexandra inapatikana.

Hatua ya kwanza: panda polepole hadi Elena

Chagua kiangazi, yaani Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti, ingawa mvua haikosi. Njia ya Nyakalengija inapita vibanda vya Nyabitaba, John Matte na Bujuku (mita 3,962) hadi kibanda cha Elena (mita 4,541). Kwa safari ya vilele viwili mimi hulala Bujuku usiku mbili. Gambuti zivaliwe hadi Elena. Viatu vya mlimani vibaki vikavu ndani ya mfuko. Ukifika Elena kichwa kinauma na chakula hakishuki, hupandi kesho. Ukianza kuyumba ukitembea, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, unashushwa usiku huohuo.

Hatua ya pili: fanyeni mazoezi jioni, mkiwa na glavu

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kabla jua halijazama, kila mtu avae kofia ngumu na mkanda wa kiunoni, afunge meno ya barafu (vyuma vyenye ncha vya kukanyagia barafu) kwenye viatu vyake, ayavue, ayafunge tena. Glavu zisitoke mkononi. Asiyeweza jioni akiwa amekaa kwenye jiwe hataweza alfajiri kwenye mteremko.

Safari moja sikusisitiza hilo. Mgeni wangu alivua glavu chini ya mwamba wa Margherita ili afungue karabina, yaani kile kipete cha chuma cha kushikia kamba, iliyokuwa imeganda. Glavu ikateleza, ikaingia kwenye ufa. Tulimpa soksi avae mkononi, tukafika Margherita, lakini tulikuwa tumepoteza dakika arobaini, na Alexandra tuliitazama tu. Tangu siku hiyo kila glavu ninaifunga uzi unaopita ndani ya koti, kama mama anavyomfungia mtoto.

Hatua ya tatu: toka saa nane usiku

Chai, uji, kisha njia. Miamba iliyo juu ya Elena ni laini kama sabuni, hivyo tochi ya kichwa iangaze miguu, si mbele. Mkifika kwenye barafu fungeni kamba, watu watatu, mita kumi hivi kati ya mmoja na mwingine, na kamba isiburuzike ovyo. Uwanda wa Stanley, yaani barafu tambarare iliyo chini ya vilele, ni rahisi kuuvuka gizani kukiwa kweupe juu. Ukungu ukishuka, unaweza kutembea nusu saa ukidhani unarudi Elena kumbe unaelekea Kongo. Chomekeni vijiti vyenye kitambaa chekundu wakati wa kwenda. Mtavihitaji mchana.

Hatua ya nne: Margherita kwanza

Wapo wanaopenda kuanza na Alexandra kwa sababu iko njiani. Mimi sikubali. Barafu ya Margherita ni ya mwinuko mkali, na inashika vizuri kabla jua halijaigusa. Baadaye mawe huanza kulegea juu yake. Piga shoka la barafu mara moja, usikilize. Ikivunjika vipande kama sahani, futa vipande hivyo upige tena palepale, mpaka lipatikane pigo lenye sauti nzito na shoka likome kutikisika. Ndipo uliegemee. Mwambani, fupisheni kamba kati yenu, na msiamini kamba ya zamani mliyoikuta imefungwa. Ivute, tazama palipokwaruzwa na jiwe, na kila inapowezekana tumieni yenu.

Kileleni tunakaa dakika kumi na tano. Mkiwa hamjafika saa tatu asubuhi, geukeni.

Hatua ya tano: uamuzi wa Alexandra

Mkirudi uwandani, simameni pale vilipo vijiti vyenu. Kama ni kabla ya saa tano, mgongo wa Alexandra unaonekana wote, na kila mmoja ameweza kunywa maji na kula, nendeni. Likikosekana moja, shukeni. Namuuliza kila mtu peke yake, kwa sauti ya chini, maana mbele ya wenzake hakuna anayekiri kuchoka.

Mwamba wa Alexandra unahitaji mikono zaidi. Anayetangulia apande na kuweka kamba kwenye pembe imara za mwamba, wa pili aje akiwa ameshikiliwa kutoka juu. Meno ya barafu yavueni pamoja, kwa wakati mmoja, na kila mtu ayafunge nyuma ya mkoba wa mwenzake. Hapo ndipo mazoezi ya jioni yanapolipa.

Saa saba mchana, hata kama kilele kiko hatua hamsini, mnarudi.

Hatua ya sita: kurudi

Fuateni vijiti na kuving'oa vyote, visibaki mlimani. Wengi wakimaliza Margherita hupita kipito cha Scott Elliot siku hiyohiyo na kulala kibanda cha Kitandara. Baada ya vilele viwili magoti hayana tena uaminifu kwenye mawe yale, kwa hiyo sisi hulala tena Elena. Mpishi huwa ameshaambiwa asubuhi: supu iwe jikoni kuanzia saa tisa, na maji ya moto ya kuweka miguu.