Kuondoa Michakato Iliyobaki kwenye Seva ya PostgreSQL Baada ya Watumiaji Kukatika

Kila mtumiaji anapojiunga na hifadhidata ya PostgreSQL, seva humfungulia mchakato wake wa pekee. Mtandao ukikatika ghafla au umeme ukizimika upande wake, seva haipati taarifa yoyote kwamba ameondoka, kwa hiyo mchakato ule hubaki ukisubiri, ukihesabiwa katika nafasi za max_connections (kikomo cha miunganisho ya wakati mmoja), ambazo kwa kawaida ni 100, na pengine ukishikilia kufuli za data ambayo wengine wanaihitaji.

Kabla ya kuondoa chochote, tazama kwanza:

SELECT pid, usename, client_addr, state, xact_start, state_change FROM pg_stat_activity WHERE backend_type = 'client backend' ORDER BY state_change;

Mchakato wenye hali ya idle (umetulia, hauna kazi) haushikilii muamala wowote, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja. Mara nyingi ni wa programu inayoweka miunganisho tayari kwa matumizi, na kuuondoa ovyo huleta malalamiko kuliko nafuu. Wa kutiliwa shaka ni wenye hali ya idle in transaction ambao state_change yake ni ya saa kadhaa zilizopita, kwa kuwa ulifungua muamala usioufunga, na zaidi ya kufuli unaweza kuizuia VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, kusafisha masalia ya safu zilizofutwa. Ulio active (unaoendesha swali, yaani ombi kwa hifadhidata) kwa muda mrefu usiuguse kabla hujauliza: anwani iliyo kwenye client_addr huenda ni ya mhasibu anayesubiri ripoti ya mwisho wa mwezi, na simu moja hutosha kuhakikisha.

Ukishajiridhisha, chukua namba ya mchakato, tuseme 48213, kisha andika:

SELECT pg_terminate_backend(48213);

Muunganisho utafungwa, kufuli zitaachiliwa na mabadiliko ambayo hayajathibitishwa yatatenguliwa. Amri ya pg_cancel_backend haifai hapa, maana husimamisha swali linaloendelea tu, na mchakato huu hauna swali. Ama kill -9, usiitumie kabisa: mchakato mkuu, ukihofia kwamba kumbukumbu ya pamoja imeharibika, huwakata watumiaji wote na kuanza urejeshaji.

Mabaki haya huchelewa kugundulika kwa sababu Linux, isipobadilishwa, husubiri sekunde 7200 za ukimya, kisha hutuma majaribio 9 ya kupima kama upande wa pili bado upo, kila baada ya sekunde 75, yaani zaidi ya saa mbili. Katika postgresql.conf weka tcp_keepalives_idle = 60, tcp_keepalives_interval = 10 na tcp_keepalives_count = 6, kisha endesha SELECT pg_reload_conf(); muunganisho mpya utakaokatika ukiwa kimya utagundulika ndani ya dakika mbili hivi. Kuanzia toleo la 14 ipo pia client_connection_check_interval, ambayo hukagua wakati swali likiendelea kutekelezwa, ila huja ikiwa imezimwa.

Kwa miamala iliyoachwa wazi, tumia idle_in_transaction_session_timeout. Binafsi naiweka kwa akaunti ya programu peke yake, kwa mfano ALTER ROLE mauzo SET idle_in_transaction_session_timeout = '10min'; ili msimamizi anayekagua matokeo yake kabla ya kuandika COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko) asitolewe kazini katikati.