Jua gari lako linakula kiasi gani kabla ya kufunga safari

Wenzangu mnaoendesha hapa Uganda, msikisie mafuta kwa kuangalia mshale wa geji. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kihesabu safari (namba ya kilomita za safari kwenye dashibodi) kwenye sifuri, kisha tembea kama kawaida. Ukirudi kujaza, ikiwezekana kwenye pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Langu lilitembea kilomita 420 likachukua lita 35, yaani kilomita 12 kwa lita. Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270, kwa hiyo natenga lita 22 na nusu. Tuseme lita ni shilingi 5,000: hiyo ni 112,500, kwenda tu. Ongeza kidogo kwa ajili ya foleni ya kutoka mjini, maana gari likiunguruma bila kusogea bado linakunywa.

Upepo wa tairi pimeni asubuhi, tairi zikiwa baridi, mkifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hulifanya gari kuwa zito kusogea, likala mafuta zaidi.

Ila kinachomaliza mafuta zaidi ni mguu. Barabara ya Jinja, pale msitu wa Mabira, utaona mtu anakanyaga mafuta kulifukuzia lori la miwa, kisha anafunga breki nyuma yake, mara kumi. Kila breki ni mafuta uliyokwisha kuyalipia. Ukiliona lori mbele, achia mguu mapema, gari lijiendee lenyewe ndani ya gia.