SOMO: Namna ya kupata wateja wa kuletwa na watu kwa kutumia simu yako

Assalaam alaykum nyote. Wengi washanifata inboksi kuniuliza vipi napata oda wakati folowasi wangu Instagram hata elfu moja hawajafika, nikaona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Mimi nauza udi wa mawaridi na vikuba (vishada vya maua ya kunukia), napika nyumbani Mwanakwerekwe, Unguja, duka sina. Lakini ukiingia mwezi wa Shaabani, na tena Mfunguo Mosi (Shawwali), harusi zinafatana na mimi nalala saa nane za usiku nakoroga sufuria. Wateja hao karibu wote wameletwa na mtu. Bi harusi haingii mtandaoni kutafuta udi, anamuuliza mpambaji wake, au somo wake (kungwi), au yule anaemtia piko (rangi nyeusi ya kuchorea mikono). Kwa hiyo kazi ya simu yako ni kumrahisishia huyo mtu akutaje, basi.

HATUA YA 1. Chukua karatasi uandike mteja wako anapita kwa nani kabla hajafika kwako. Mimi kwangu ni wapambaji, watia piko na hina, washonaji, wapishi wa biriani na wanaokodisha viti. Kama unauza viungo, basi ni dereva anaepeleka wageni mashamba ya viungo Kizimbani, na vijana wa mapokezi kwenye gesti za Paje na Jambiani. Usiandike anaeuza kitu kama chako. Watu kumi wanatosha kuanzia, tena wawe watu unaoweza kuwafikia kwa miguu au kwa daladala ukaonana nao uso kwa uso.

HATUA YA 2. Tengeneza simu. Shusha WhatsApp Business, ni bure, tia picha ya bidhaa, pahala ulipo, saa za kazi na katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako. Na kwenye katalogi ANDIKA BEI jamani, hii "njoo inboksi" inawachosha watu, na anaetaka kukutaja kwa mwenzake atakutaja vipi kama bei haijui? Halafu tengeneza linki yako: unaandika wa.me/ kisha 255 na namba yako bila ya ile sifuri ya mwanzo. Mtu akiibonyeza anafunguka kwako moja kwa moja hata kama hajakusevu.

HATUA YA 3, na hii ndo khasa. Andika ujumbe mmoja wa kupitishwa, picha moja na maneno machache. Wangu uko hivi: "Udi wa mawaridi wa harusi. Kopo dogo 10,000, kubwa 25,000. Toa oda siku 3 kabla. Nipo Mwanakwerekwe, Pemba natuma kwa boti. Bonyeza hapa tuongee", chini yake linki. Huo ndo ninaowapa wale kumi, bi harusi akiuliza wao wanaforwadi tu hawana haja ya kueleza kitu. Picha nimepiga asubuhi mlangoni kwenye mwanga wa jua, chetezo kinafuka moshi na kopo liko pembeni na kiganja changu ili mtu aone ukubwa wake. Ile ya usiku na taa ya simu udi ulitoka mweusi kama lami, nikaifuta.

HATUA YA 4. Anza kutoa wewe. Usimuingilie mtu na "nitangazie biashara yangu", hata mimi ningekasirika. Mimi bi harusi akija kwangu namuuliza, piko ushapata mtu? Akisema bado nampa namba ya mwenzangu hapohapo. Kazi ya mwenzangu naitia stetasi kwa ruhusa yake. Na Instagram kuna kolabo, unaposti unamualika mwenzako, akikubali posti inatokea kwenye akaunti zote mbili, na folowasi wake wanakuona.

HATUA YA 5. Kila mteja mpya muulize "nani kakuelekeza?" kisha kwenye WhatsApp Business mtie lebo (alama ya kupanga wateja) yenye jina la aliemleta. Hili nimejifunza kwa uchungu. Kuna mpambaji mmoja kaniletea maharusi watatu mwezi mmoja na mimi sijauliza hata mmoja, wala sijampelekea salamu wala ahsante, msimu uliofata akawapeleka kwengine. Nilipokuja kujua nilijisikia vibaya wallahi, maana haki yake ilikuwa. Sasa kila mwisho wa mwezi nafungua lebo nahesabu, kila alieniletea mtu nampigia voisi ya ahsante na kopo dogo namfikishia mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA (na pahala walipo)

Wete: Dada, natuma brodikasti (ujumbe mmoja kwa watu wengi) WhatsApp, watu wengine wanasema hawaoni kitu, tatizo simu yangu?
JIBU: Simu yako nzima. Brodikasti inamfikia alieisevu namba yako tu, na orodha moja inachukua watu 256. Ukimkabidhi mteja mzigo mwambie palepale "nisevu", na usimame mpaka amalize.

Nungwi: Nauza viungo, dereva anataka 3,000 kwa kila kifurushi cha 10,000. Nimpe?
JIBU: Piga hesabu kwanza kaka. Kama kifurushi kinakugharimu 6,500 na yeye unampa 3,000, wewe umebakiwa na 500 na jasho lako. Mwambie kiwango unachokiweza, mkubaliane kabla hajaleta mtu, msije mkagombana mbele ya mgeni.

Michenzani: Naruhusiwa kutia picha ya bi harusi nliempamba?
JIBU: Bila ya idhini yake usithubutu, hata stetasi. Inapotea baada ya saa 24 lakini skrinshoti haipotei. Na akikubali yeye, muulize na mumewe kama ana neno, hapa petu tunajuana. Mimi napenda mikono yenye piko imeshika chetezo, uso hauonekani na picha inapendeza vilevile.

Mkoani: Mama yangu anasuka mikoba ya ukili, ana kitochi tu. Nitie biashara yake kwenye namba yangu?
JIBU: Usichanganye mdogo wangu. Shusha WhatsApp Business kwenye simu yako, inakaa pamoja na WhatsApp yako ya kawaida, kisha isajili kwa namba ya mama. Namba ya kuthibitisha itaingia kwa meseji kwenye kitochi chake, akusomee. Oda zikiingia mpigie siku ileile kabla hujamuahidi mteja tarehe, yeye ndo anaejua mkoba mmoja unamchukua siku ngapi.