Somo: Fayawoli ya nyumbani ikiganda au kupoteza mtandao, anzia hapa

Wengi wetu hapa Nairobi tumejenga fayawoli (mashine inayosimama kati ya intaneti na vifaa vya nyumbani) kwa kompyuta za mezani zilizotumika, zile Dell Optiplex na HP ndogo unazopata madukani Luthuli na Moi Avenue. Tumeweka pfSense au OPNsense, ambazo ni programu za fayawoli, tukaongeza kadi moja ya mtandao, kazi ikaendelea. Siku mashine inapoanza kusumbua, mtu anakimbilia kununua kadi nyingine, na mara nyingi kadi ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Kabla hujatoa shilingi, jua kilichokufa ni kipi: mashine nzima au mtandao peke yake.

Hatua ya 1: Usizime

Najua watoto wanalalamika na mtu ana kikao cha kazi. Hata hivyo, chomeka skrini na kibodi kwanza. Bonyeza Num Lock. Taa yake ikibadilika, mashine iko hai na tatizo ni mtandao. Ruka hadi hatua ya 3. Ikikataa kubadilika, mashine imeganda. Vyovyote vile, piga picha ya mistari ya mwisho kwenye skrini kwa simu yako. Ukizima kwa haraka unapoteza ushahidi wote.

Hatua ya 2: Mashine inaganda au inajizima

Anza na joto, kisha stima, kisha RAM. Ninapendelea mpangilio huu kwa sababu viwili vya kwanza havikugharimu kitu kuvikagua.

Joto: ukishaiwasha upya, andika `sysctl dev.cpu.0.temperature` kwenye konsoli, yaani skrini na kibodi ulizochomeka. Prosesa ya Intel itakupa jibu mara tu ukiwasha kipimo chake kwenye mipangilio. Fayawoli ya nyumbani haina kazi nzito, kwa hiyo ukiona nyuzi 80 ilhali nyumba imelala, fungua kasha. Mashine iliyokaa karibu na barabara ya vumbi hujaza mapezi ya kupozea hadi hewa haipiti. Pangusa, badilisha pesti ya prosesa, hakikisha feni inazunguka bila kukwama.

Ukiwa bado na kasha wazi, leta tochi uangalie kapasita, vile vimkebe vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa cha kila kimoja kinapaswa kuwa bapa. Kilichofura kwenye ule mkato wa juu, au kilichotoa ute wa kahawia ukakauka kwenye shina, kimekwisha. Mashine yenye kapasita hizo huganda ovyo bila mpangilio, na hakuna programu itakayokuonyesha sababu.

Stima: pima plagi ya diski kwa mita mashine ikiwa inafanya kazi. Waya wa njano dhidi ya mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, badilisha pawa saplai. Tafadhali usiifungue yenyewe: kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Na kama mashine huanguka dakika ile taa za nyumba zinapopepesa, hilo si tatizo la kompyuta. Nunua UPS, betri ya kushikilia mashine stima inapokatika.

RAM: acha Memtest86+, programu ya kupima kumbukumbu, ikimbie usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. Ukiona kosa, jaribu kipande kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Mashine hai, mtandao umekufa

Angalia jina la kadi kwa `ifconfig`. `em`, `igb` na `igc` ni Intel. Kadi za `re` ni Realtek. Kama picha uliyopiga inasema `re0: watchdog timeout`, maana yake kadi ilipewa data itume, ikakaa kimya kupita muda, na draiva (programu inayoiendesha kadi) ikalazimika kuianzisha upya. Draiva inayokuja na FreeBSD, mfumo ambao pfSense na OPNsense zimejengwa juu yake, ina historia ndefu ya kusumbuana na Realtek. Kwenye OPNsense weka plagini ya `os-realtek-re`. Kwenye pfSense weka `realtek-re-kmod`, kisha ongeza haya kwenye `/boot/loader.conf.local`:

`if_re_load="YES"`
`if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"`

Washa upya. Bado? Zima kazi tatu ambazo mfumo huachia kadi ifanye: checksum (kukagua kama data imefika salama), TSO (kukata data inayotumwa vipande vipande) na LRO (kuunganisha vipande vinavyopokelewa). Kwenye pfSense ziko System, Advanced, Networking. Kwenye OPNsense ziko Interfaces, Settings. Baada ya hapo ndipo uchomoe kadi, usafishe meno yake kwa raba, uirudishe kwenye tundu tofauti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Umoja:* Mkuu, kila stima ikirudi mashine inawaka vizuri lakini hakuna tovuti inayofunguka mpaka nirekebishe saa. Kadi imeungua?

Hapana, ndugu. Ni betri ya CR2032 kwenye madabodi. Saa ikirudi nyuma miaka, DNSSEC, ukaguzi wa sahihi kwenye majibu ya majina ya tovuti, inakataa majibu kwa kuwa sahihi zake zinaonekana hazijaanza kutumika. Nayo fayawoli inashindwa kupata seva ya saa kwa jina lake ili ijirekebishe. Betri mpya inatoa volti 3.

*Mwanachama, Lang'ata:* Kadi yangu ni ya gigabiti lakini `ifconfig` inasema 100baseTX. Nibadilishe?

Badilisha kebo kwanza. Gigabiti inahitaji jozi zote 4 za waya. Megabiti 100 zinatosheka na 2. Waya mmoja wa zile jozi nyingine mbili ukikatika ndani ya plagi, kasi huweza kushuka hivyo hivyo.

*Mwanachama, Kasarani:* Mwalimu, nimeongeza kadi ya pili ya Intel na WAN (upande wa intaneti) imepotea kabisa.

Namba zimehama. Iliyokuwa `igb0` sasa huenda ni `igb2`, kwa sababu mfumo huhesabu kwa kufuata mpangilio wa matundu. Chagua namba 1 kwenye menyu ya konsoli, uzipange upya kwa kulinganisha anwani za MAC, namba za kipekee za kila kadi. Ziandike kwenye karatasi uibandike kwenye kasha.

*Mwanachama, Kasarani:* Asante, imerudi. Na kadi ya USB inafaa?

Kwa kupima siku moja, sawa. Kwa WAN ya kudumu sikushauri. Ikijichomoa kidogo tu, fayawoli inapoteza mlango mzima.