Kukamua alizeti kwa mashine ndogo: kuanzia mbegu hadi chupa, na sabuni ya mafuta ya karibu na kitako cha ndoo

Mtu akiniletea chupa ya mafuta aliyokamua mwenyewe nimwambie kasoro iko wapi, siinusi kwanza. Naiinua kwenye mwanga, naipindua taratibu, natazama kitako. Nikiona utando mweupe unaoteleza kama ute wa yai, nimeshapata jibu: ni maji. Ama mbegu hazikukauka sawasawa, ama mafuta hayakupewa muda wa kutuama, ama chupa ilioshwa ikajazwa ingali na matone. Mashine husingiziwa bure.

Mwongozo huu ni wa mashine ndogo ya skrubu, ile ya umeme inayomeza kilo 5 hadi 15 za mbegu kwa saa. Mbali na mashine, tafuta mizani ya kilo na nyingine ya gramu, kipimajoto kinachofika nyuzi 150, chekecheke mbili za matundu tofauti, sumaku, ndoo yenye bomba pembeni, kitambaa cha amerikani cha kuchujia, na sufuria ya chuma cha pua. Shaba na chuma chenye kutu viweke mbali na mafuta, kwa sababu huyaharakisha kuharibika.

Hatua ya 1: Chagua na safisha mbegu

Alizeti ya mafuta ni ile yenye mbegu ndogo nyeusi. Zile kubwa zenye mistari ni za kutafuna. Ganda lake ni nene na mafuta ni machache. Mbegu nzuri hubeba mafuta ya asilimia 40 au zaidi ya uzito wake. Kwa hilo tunamshukuru Mrusi Vasily Pustovoit, aliyefanya kazi Krasnodar akichagua mimea msimu baada ya msimu, mpaka mbegu zilizokuwa zikitoa kama theluthi ya uzito wake zikavuka nusu katika baadhi ya aina.

Chekecha mara mbili: tundu kubwa lizuie vijiti, tundu dogo lidondoshe mchanga. Kisha pepeta, halafu pitisha sumaku. Usiidharau sumaku. Msumari mmoja mdogo ukiingia, skrubu inalika, na skrubu ndiyo roho ya mashine. Mbegu zenye ukungu zitupe, wala usizichanganye na nzuri ukidhani zitamezwa na wingi. Sumukuvu haionekani kwa macho, na sehemu kubwa yake hubaki kwenye mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) ambayo mifugo itakula.

Hatua ya 2: Pima maji yaliyomo kwenye mbegu

Hapa ndipo pa kutulia.

Msimu wangu wa kwanza niliamini meno. Nilitafuna mbegu moja, ikakatika kwa mlio, nikasema zimekauka. Mafuta yalitoka na ukungu kama chai iliyotiwa tone la maziwa, nikajipa moyo kwamba yatajisafisha yenyewe. Baada ya wiki mbili karibu kila chupa ilikuwa na ule utando chini, na baadhi zilianza kutoa harufu ya rangi ya mbao. Kilichonidanganya ni ganda. Lenyewe hukauka mapema likatoa mlio mzuri, huku kiini ndani bado kina unyevu.

Siku hizi napima hivi. Natwaa gramu 100 za mbegu kutoka sehemu mbalimbali za gunia (juu, katikati, chini), naziponda kidogo, naziweka kwenye oveni ya nyuzi kama 105. Baada ya saa 3 napima, narudisha, napima tena, mpaka uzito usishuke. Gramu zilizopungua ndizo asilimia ya maji. Zikibaki gramu 93, mbegu zilikuwa na maji asilimia 7, nami huitaka iwe kati ya 6 na 7. Ghalani mbegu zinaweza kukaa salama zikiwa na asilimia 9, lakini kwa skrubu hiyo ni mbichi.

Zikiwa na maji mengi, zitandaze kwenye turubai tabaka jembamba na uzigeuze kila baada ya muda. Wengi hawaambiwi kwamba kukausha kupita kiasi nako ni kosa. Mbegu yenye asilimia 4 husagika ikawa unga ndani ya silinda, unga hauna nguvu ya kusukumana, na mafuta yanabaki humo humo. Basi irudishie maji, lakini kwa hesabu. Zidisha kilo za mbegu kwa tofauti ya asilimia, kisha gawanya kwa 100 ukiondoa asilimia unayoitaka. Kilo 20 kutoka asilimia 4 kwenda 7: 20 mara 3, gawanya kwa 93, unapata kama gramu 645 za maji. Nyunyiza huku ukigeuza, funika, acha ilale usiku kucha ili maji yaingie kwenye kiini yasiishie kwenye ganda.

Hatua ya 3: Kamua

Pasha kichwa cha mashine kwanza, karibu nyuzi 70, kabla mbegu hata moja haijaingia. Mashine baridi hugandisha mashudu mdomoni, na kuyatoa baadaye ni kazi ya patasi. Legeza nati ya mbele, washa, tia mbegu kidogo kidogo. Mashudu yakianza kutoka, kaza robo mzunguko, subiri dakika, kaza tena.

Sasa acha kutazama mafuta, tazama mashudu. Yanapaswa kutoka kama penseli ngumu, uso unang'aa kidogo, na ukikivunja kipande kinalia «tak». Yakitoka unga, mbegu ni kavu mno. Yakitoka laini kama tope na mvuke unapanda, ni mbichi. Usikaze zaidi, utaziba mashine tu. Yakitoka meusi yanayofuka moshi, umekaza kupita kiasi. Mlio nao hubadilika: mashine yenye raha huvuma kwa sauti moja, inayokaribia kuziba huanza kuguna. Ikiguna, acha kutia mbegu na ulegeze nati. Vidole visiingie kwenye mdomo wa kulishia hata kwa utani.

Mafuta ya dakika kumi za mwanzo yana unga mwingi. Yarudishe juu na mbegu zinazofuata. Na jiandae kisaikolojia kwa kiasi utakachopata. Kilo 20 za mbegu zenye mafuta asilimia 42 zina kilo 8.4 za mafuta, lakini mashine ndogo huacha asilimia 12 hivi ndani ya mashudu. Utatoka na kilo 13 na kitu za mashudu na kilo 6.8 za mafuta ghafi, yaani lita 7 na ushei. Ukishatoa mashapo, lita 6 na nusu ni kazi nzuri. Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa mashine ya mezani anauza mashine.

Ukimaliza, fungua kichwa na usafishe ingali moto. Mashudu yaliyopoa ndani ya silinda hushika kama saruji.

Hatua ya 4: Acha yatuame

Mimina kwenye ndoo yenye bomba, funika, weka gizani, ondoka. Siku 3 ni kidogo, siku 7 ni nzuri, na mahali penye baridi huchukua zaidi. Bomba liwe juu kidogo ya kitako ili uvute mafuta safi bila kuyagusa mashapo. Kisha chuja kwa amerikani iliyokunjwa mara mbili. Usikamue kitambaa kwa mikono! Ukikikamua unasukuma ule unga laini upite upande wa pili, na wiki nzima ya kutuama imekwenda bure.

Mashapo ya chini kabisa nachanganya na mbegu za mkupuo ujao, kidogo kidogo, yakapitia mashine tena. Tabaka la kati, lile la rangi ya asali lisilo safi vya kutosha kwa jikoni, nalichuja peke yake na kulitunza kwa ajili ya sabuni.

Hatua ya 5: Toa ute, kama ni ya kukaangia

Mafuta ya kunyunyizia saladi au kuongeza chakula kikishaiva yanaweza kuishia hatua ya 4. Yana ladha ya mbegu, na ladha hiyo ndiyo thamani yake. Ya kukaangia ni habari nyingine, kwa sababu ute uliomo hutoa povu na kuungua ukawa chembe nyeusi. Hata ukiutoa, kumbuka mafuta ya nyumbani huanza kutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa kiwandani.

Hapa tunamwalika adui kwa makusudi. Pasha kilo 10 za mafuta hadi nyuzi 65 au 70, tia gramu 200 za maji ya moto, koroga polepole dakika 20 hadi 30. Ute hunywa maji, huvimba, huwa mzito, huzama. Acha hadi kesho yake, kisha vuta mafuta juu yake. Ute huohuo, ukitolewa kwenye soya na kukaushwa, ndio lesithini inayoshikanisha chokoleti na majarini.

Baada ya hapo maji yatoke yote. Tumia sufuria isiyojaa zaidi ya nusu, moto mdogo, mpaka nyuzi 105. Vipovu vitapanda na mafuta yatatatarika. Usiondoke. Yakinyamaza, chota kijiko ukipashe juu ya moto: kikitoa hata mlio mmoja, maji bado yamo. Kijiko kikikaa kimya, zima moto.

Mafuta yakipata ukungu kwenye baridi hata baada ya yote haya, si uchafu. Ni nta ya ganda, na haina madhara. Ukiitaka itoke, yaweke kwenye nyuzi 5 hivi kwa siku nzima na uyachuje yangali baridi, kwa subira.

Hatua ya 6: Jaza chupa

Chupa kavu kabisa, ya kioo cheusi au kopo la chuma lililopakwa ndani, ijazwe hadi shingoni ili hewa ikose nafasi. Andika tarehe. Weka pasipo mwanga wala joto.

Hatua ya 7: Sabuni ya tabaka la kati

Kuna wanaopaka mafuta haya kwenye mbao. Siwashauri: alizeti hukauka nusunusu, na mpini utanata miezi. Mafuta ya kitani ndiyo hukauka yakawa ngozi ngumu, na ndiyo Mwingereza Frederick Walton aliyoyatumia miaka ya 1860 kutengeneza linoliamu ya sakafu. Lakini kitambaa kilicholoa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike kikiwa kimetandazwa, nje.

Sabuni ya alizeti tupu huwa laini na huchacha haraka, kwa hiyo nachanganya: alizeti gramu 500, nazi gramu 300 kwa povu, mawese gramu 200 kwa ugumu. Kila mafuta hula kostiki soda kwa kiwango chake. Gramu moja ya alizeti hula 0.134, ya nazi 0.183, ya mawese 0.141. Jumla ni gramu 150. Punguza asilimia 5 ili mafuta yazidi kidogo na ngozi isiungue: tumia gramu 142 za kostiki na gramu 290 za maji. Pima kwa mizani ya gramu, si kwa kikombe. Ukibadilisha mafuta yoyote, piga hesabu upya.

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu, fungua madirisha. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia. Chombo cha aluminiamu hakitakiwi, kitaliwa. Ikikugusa, ni maji mengi yanayotiririka, si siki. Maji ya kostiki na mafuta vyote vikipoa hadi nyuzi 40 hivi, mimina maji hayo kwenye mafuta na ukoroge. Kwa mwiko unaweza kukoroga saa nzima. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache. Ukidondosha mchanganyiko juu yake wenyewe na tone likaacha alama, mimina kwenye kalibu, chombo cha kuipa sabuni umbo.

Kata baada ya siku moja au mbili, vipande visimame bila kugusana, wiki 4 hadi 6.

Mashudu, na mbegu nyingine

Mashudu yapoe yakiwa yametandazwa. Ukiyarundika moto, jasho lake lenyewe linayaotesha ukungu. Yakishapoa ni chakula cha mifugo chenye protini, ingawa maganda yanaongeza nyuzinyuzi, kwa hiyo usiwape peke yake.

Mashine hii itakamua ufuta na karanga vilevile. Pamba usiikamue kwa kula: mafuta yake ghafi yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, inayohitaji kusafishwa kiwandani. Na nyonyo (mbarika) isiingie kabisa kwenye mashine ya chakula. Mafuta yake ni malighafi nzuri ya viwandani, hata plastiki ya nailoni 11 hutokana nayo, lakini sumu ya risini hubaki kwenye mashudu, na mashudu hubaki kwenye pembe za silinda usizozifikia.

Turudi kwa sabuni uliyoiweka rafuni. Chukua kipande kimoja, kiandike namba, kipime kila wiki siku ileile. Kitashuka gramu kadhaa wiki ya kwanza, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi. Siku mizani itakaposoma kama wiki iliyopita, maji yaliyozidi yameshaondoka. Nawa nacho.